Gole la Kidimu

Bi Nana binti Omari wa Jomvu Kuu anajua kila kitu, na usiponiamini muulize mwenyewe. Ana umri wa miaka sitini na mitatu, na kwa miaka thelathini amesomesha chuo cha Kurani cha watoto barazani kwake. Watu wazima wenye ndevu, waliopitia mikononi mwake wakiwa hawajui alifu wala bee, mpaka leo wakimwona njiani huzima sigara na kushusha sauti. Wali wake hausemwi vibaya, Kiswahili chake hakisahihishwi, na dawa zake za kienyeji hazipingwi. Wanaomjua kwa karibu, lakini, wanajua kwamba yuko kiumbe mmoja ambaye hajawahi kumkemea, na kiumbe huyo ni kuku.

Kuku mwenyewe ni kidimu, wale ambao manyoya yao yamepinduka kwa nje, wakawa siku zote kama walioamka sasa hivi. Jina lake ni hilohilo, Kidimu, kwa kuwa Bi Nana hakuona sababu ya kujisumbua kutafuta jingine. Mume wa Bi Nana ameshatangulia mbele ya haki, mabinti wameolewa, mmoja Lamu na mmoja Maskati, na nyumba ya vyumba vitano imebaki na mtu mmoja. Kila alfajiri, Bi Nana akimaliza kusali, Kidimu hugonga mlango wa uani kwa mdomo. Hufunguliwa, akaingia, akakagua jiko, kisha akatulia chini ya kiti na kuongeleshwa. Huambiwa bei ya unga, huambiwa nani kaposwa, huambiwa hata yale ambayo mabinti hawaambiwi kwa simu.

Jumatano moja mwezi uliopita, mlango haukugongwa.

Bi Nana alimkuta kwenye pembe ya ua, mbawa zimelegea, shingo ameivuta ndani, akifungua mdomo na kuufunga bila kutoa sauti. Papo hapo akaamua kuwa ni kideri, ugonjwa ule unaofagia mabanda ya kuku mtaa mzima. Hakumpapasa, wala hakumuuliza mtu. Alitwanga majani ya mwarobaini, akatia pilipili, akamnywesha. Kisha, ili mgonjwa apate nguvu, akaloweka mkate ndani ya chai ya maziwa akamlisha tonge baada ya tonge, kuku akipenda asipende. Ilipofika alasiri, kifua cha Kidimu kilikuwa kimetuna, na mdomoni alitoa harufu ya uchachu iliyomfanya Bi Nana ageuze uso.

Kila alasiri ndugu yake mdogo, Mahfudh, hupita kwake kunywa kahawa. Mahfudh ndiye anayewachinjia kuku nusu ya watu wa Jomvu Kuu, awe wa harusi, wa hitima au wa mgeni aliyekuja bila taarifa. Mkono wake mwepesi na kisu chake kikali, wala hana maneno mengi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Mahfudh alimtazama Kidimu, akaweka kikombe chini. "Dada, huyu yuwafa."

"Hafi."

"Yuwafa, nami n'naona. Akijifia mwenyewe ni nyamafu, hata paka sitampa. Heri nimwahi."

Hii ndiyo desturi ya nyumba zile. Kuku akianza kuinamisha kichwa, kisu huitwa kabla ya dawa, kwa sababu kuku aliyejifia ni haramu, na kitoweo hakitupwi hivihivi. Kuku wangapi wangepona kama kisu kingekuwa mbali kidogo, hilo halijahesabiwa na mtu. Bi Nana mwenyewe alikwisha kuwatoa wawili kwa njia hiyo, mwekundu mwaka juzi na mweupe kabla yake, na wote wawili walipita mkononi mwa Mahfudh.

"Nipe mpaka Ijumaa," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya barazani.

"Ijumaa, kabla sijaingia msikitini, n'takuja na kisu. Na siku hiyo usiniambie tena kesho."

Asubuhi ya Alhamisi alibisha hodi Kafedha, mwanamke wa Kigiriama mwenye kishamba chake karibu na hori la bahari, ambaye humletea Bi Nana nazi na mchicha mara mbili kwa wiki. Mahfudh naye alikuwepo, amepita kuleta mkate, ameegemea mlango. Kafedha alisalimia, akatua kikapu, akamwona kuku. Hakungoja kuombwa. Alipiga magoti, akapitisha vidole chini ya shingo.

"Bi Nana, huyu amekula saa ngapi?"

"Tangu jana alasiri hajatia kitu kinywani. N'naona hamu hana."

"Basi mbona gole limejaa? Gole la kuku mzima asubuhi huwa tupu. Lete mkono, shika mwenyewe."

Bi Nana alishika. Gole ni kile kifuko kilichoko shingoni, kifuani juu, ambamo chakula cha kuku hungoja kabla ya kushuka kwenye firigisi. Kwa miaka yote aliyofuga kuku, Bi Nana alilijua gole la kuku aliyekwisha kuchinjwa tu. Sasa alilisikia chini ya ngozi ya moto, laini kwa nje kama unga uliochachuka, na katikati pana donge gumu la ukubwa wa limau. Iliuma kufundishwa na muuza nazi wake mbele ya mdogo wake. Iliuma sana, naye hakujua auweke wapi uso.

"Hiki si kideri," Kafedha alisema. "Huyu ameziba. Amekula kitu kirefu, labda uzi, au majani makavu. Na huo mkate uliomshindilia ndio umechachia humo ndani."

Mahfudh akakohoa. Mtu anayekohoa hivyo ana jambo, na Bi Nana aligeuka.

"Sema."

"Yule mwekundu," alisema taratibu, "siku ile nilipompasua, gole lake lilikuwa na usumba. Donge hivi. Na yule mweupe pia."

"Usumba! Nawe hukuniambia?"

"Nilidhani kuku wote huwa hivyo. Kuku si hula kila kitu?"

Bi Nana alikuwa anaangalia pale mahali pa kuoshea vyombo. Sufuria ya wali wa jana ilikuwa imeinamishwa juu ya jiwe, na kando yake limelala kumbi la nazi alilosugulia, nyuzi zake za usumba zimechambuka, na katika kila uzi umenasa ukoko. Sifongo ya dukani Bi Nana haitaki. Amewahi kumwambia mkwe wake, mbele za watu, kwamba nyumba isiyo na makumbi na jivu haina sufuria safi. Kila akimaliza kusugua hulitupa kumbi palepale, na kila akilitupa Kidimu huja kudonoa ukoko. Ukoko ulikuwa unashuka na nyuzi zake.

"Kwa mkono wangu," alisema. "Wote watatu, kwa mkono wangu mwenyewe." Akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi.

Kafedha hakumpa nafasi ya kulia. Alimwambia wajibu wake mmoja mmoja. Chakula, asimpe hata punje. Maji ya vuguvugu, tone kwa tone, ubavuni mwa mdomo, na ndani yake matone machache ya mafuta ya nazi. Kisha alisugue gole kwa vidole, polepole, akilizungusha na kulivunja donge, dakika chache, ampumzishe, arudie tena.

"Bibi yetu alikuwa akimshika miguu, akamning'iniza kichwa chini, akamtikisa mpaka yaliyomo goleni yakatoka," Mahfudh alisema, na mkono ukawa umeshanyooka.

"Usithubutu!" Kafedha alimkata. "Yale maji yataingia pumzini, afe mkononi mwako. Kichwa juu, muda wote. Na kesho asubuhi likiwa bado gumu, mpeleke kwa daktari wa mifugo apasue na ashone. Msijaribu wenyewe na hicho kisu."

Mahfudh akaurudisha mkono mfukoni.

Siku hiyo watoto walisoma chuo na mwalimu akiwa amempakata kuku. Alimfunika kwa leso, kichwa nje, na vidole vilivyozoea kufuata mistari ya juzuu vikawa vinafuata donge. Watoto walishangaa mpaka wakaona faida yake. Mmoja aliruka aya nzima, akangoja radi, na radi haikupiga. Wa pili naye akajaribu. Mpaka wanaaga adhuhuri, darasa zima lilikuwa limesoma vibaya kuliko siku yoyote tangu chuo kifunguliwe, na Bi Nana aliwaambia, "Mungu awabariki, vizuri sana," bila kuinua macho.

Alimnywesha, akamsugua. Akampumzisha, akamsugua tena. Katikati alisali, akarudi. Alasiri alihisi donge limelegea kidogo, kisha akajiambia ni tamaa yake tu. Alimwomba Kidimu msamaha kwa sauti, jambo ambalo, kwa ninavyojua, hakuwahi kumfanyia mwanadamu. Maghribi akamlaza kwenye tenga lenye majani laini, bila kumpa chakula, akalifunika.

Ijumaa alisali alfajiri, na mlango haukugongwa, maana mgongaji alikuwa ndani ya tenga. Bi Nana alisimama juu ya lile tenga akiwa ameshika kifuniko, na aliogopa. Amezika wazazi, amezika mume, na bado aliogopa kuinua kifuniko cha tenga la kuku. Mwisho alisema bismillahi, akainua.

Kidimu alimtazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili.

Alipeleka mkono shingoni. Palikuwa na ngozi na manyoya tu. Alitafuta donge kulia, akalitafuta kushoto, akapapasa tena kutoka juu, asiliamini. Gole lilikuwa limelala tambarare. Chini, kwenye majani, palikuwa na kinyesi, na Bi Nana binti Omari, mwalimu wa watu wenye ndevu, alipiga magoti akakichokoa kwa kijiti. Nyuzi za rangi ya hudhurungi zikatokeza, moja, nyingine, kishada kizima. Alisema alhamdulillahi kwa sauti iliyomtoa jirani dirishani.

"Kulikoni, Bi Nana?"

"Kidimu kenda haja!" alijibu, na wala hakuona haya.

Alimpikia uji mwepesi wa mchele akaupoza. Kuku alidonoa mara tatu, akapangusa mdomo kwenye leso ya Bi Nana, akataka tena. Bi Nana alimnyima, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, maana Kafedha alisema kidogo kidogo. Lile kumbi lililokuwa kando ya sufuria alikuwa ameshalitia motoni.

Saa tano na nusu Mahfudh akaja. Alivaa kanzu nyeupe ya Ijumaa, na kwapani amebana kisu kilichofungwa kwa gazeti. Alisimama kizingitini akiangalia miguu yake.

"Dada, nimekuja."

Bi Nana alinyamaza makusudi, ili amjaribu kidogo. Kidimu ndiye aliyejibu. Alitoka chini ya kiti, akapita mbele yake mzimamzima, manyoya yamesimama huku na huku, akaenda kuparura kwenye mchanga.

Mahfudh alikaa chini. Hakutafuta kiti wala mkeka, alikaa palepale kizingitini na kanzu yake.

"We Mahfudh! Wakaa chini na kanzu ya Ijumaa?"

"Tangu kwangu mpaka hapa naomba dua," alisema. "Namwambia Mola, nikute amepona, au nikute amejifia, nyamafu na awe nyamafu. Lolote lile, ila mkono usiwe wangu."

"Na wewe ndiye uliyeng'ang'ania kumwahi!"

"Ndiyo desturi, nimefuata desturi. Lakini yule mwekundu nilipomchinja, hukusema nami mwezi mzima. Kahawa ulinipa kila siku, dada, waniwekea kikombe, wenda jikoni. Mwezi mzima. Nami n'na dada mmoja tu."

Bi Nana alifungua mdomo amwambie si kweli. Kisha akakumbuka kwamba ni kweli, na kwamba mwezi ule alidhani ni yeye peke yake aliyekuwa na huzuni ndani ya nyumba hii. Alikwenda akamshika Kidimu, akamweka juu ya mapaja ya mdogo wake.

"Mpapase hapa," alisema. "Kichwa juu. Taratibu."

Mahfudh alipeleka vidole viwili, vilevile anavyotafutia mahali pa kupitishia kisu, akavilaza kwenye shingo ya kuku. Alipapasa kwa muda.

"Tupu," alisema.

"Tupu," alisema Bi Nana.

Mahfudh akacheka kwa furaha huku machozi yanamtoka, na dada yake akawa anampangusa kwa leso ileile yenye uji. Kuku alitulia pale mapajani, akafumba macho. Mwadhini aliadhini, na wote wawili wakabaki wamekaa kizingitini kidogo zaidi kuliko ilivyostahili.