Kitambaa cha Kompyuta ya Kasikeu

Watu wakiniuliza kampuni yetu ya kompyuta ilianzia wapi, wanangoja nitaje Nairobi. Sitaji. Ilianzia Kasikeu, kijijini kwetu, kwenye chumba cha kupanga kilichokuwa ghala la mbaazi, penye vumbi jekundu la kuingia mpaka kwenye meno. Asiyependa hadithi hiyo akatafute nyingine.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ofisi nilimokuwa nikipiga chapa kule Nairobi ilifungwa, na kompyuta zake mbovu zikatupwa nyuma ya jengo. Nikaziomba, nikarudi nazo nyumbani. Watu walinicheka, ati wenzangu wanarudi na mabati, mimi narudi na takataka. Wacha wacheke. Kaka yangu alikuwa fundi wa redio pale sokoni. Alizifungua, akakuna kichwa, akaniambia mbili zilizokufa zinaweza kuzaa moja nzima. Basi tukaanza, yeye na bisibisi na waya zake, mimi na zile amri nilizokuwa nimezikariri ofisini. Siku ya kwanza herufi za kijani zilipotokea kwenye kioo, kaka yangu alitoka nje akaketi kwenye jiwe.

Mama yetu naye hakukubali kuachwa nyuma. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa chake, makochi yana vitambaa vyake, hata chupa ya chai ina chake. Mama alifuma kitambaa cha uzi mzito cha kuivalisha kompyuta kuanzia kichwani mpaka mezani, mbele tu ndipo alipoiachia uso. Alisema vumbi la Kasikeu halitampata huyu mtoto. Pale ghalani tulikuwa tunaivalisha ikiwa imezimwa, maana ikiwaka kaka yangu hakuacha kuichokonoa.

Mwenye chumba alikuwa mzee wa kanisa, tena mwenyekiti wa kamati ya shule moja ya wasichana kule milima ya Kilungu. Shule ilitaka kompyuta. Akatuambia twende tukaionyeshe kamati. Kazi ikipita, shule itaagiza kwetu na chumba tutakaa nacho. Isipopita, tumwachie chumba chake, kuna mtu wa kusaga unga anakitaka. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ametuuliza hata bei. Tukikosa shule hiyo, kampuni imekwisha kabla haijazaliwa vizuri.

Siku ya kuionyesha, jenereta ya shule ilikuwa inanguruma, kamati imejaa, na mwalimu mkuu, mama mmoja mkimya, amekaa pembeni. Mama yetu alikuja amevaa kama anaenda harusi, akaivalisha kompyuta kwa mikono yake mwenyewe. Mimi nikaandika jina la shule, nikalifuta, nikalirudisha. Watu wakapiga makofi. Nikaeleza, nikaendelea kueleza, maana mimi nikipewa nafasi ya kusema sijui kuacha. Mara kioo kikajaa vikorokoro, halafu giza.

Mzee mmoja akauliza kama inahitaji maombi. Chumba kizima kikaangua kicheko. Mwenyekiti akaanza kutafuta kofia yake, akisema si alijua, vitu hivi ni vya wazungu na watu wa Nairobi.

Kaka yangu alipitisha mkono chini ya kitambaa, akautoa haraka. Mashine ilikuwa moto kama sufuria ya mahindi ya muthokoi. Huwa ina feni ya kuvutia hewa kwa nyuma, na sisi kwa mapenzi yetu tulikuwa tumeiziba pua. Aibu ilinishika, kisha hasira ikaifukuza aibu. Nikawaambia wazee wangu waketi. Nikasema ng'ombe akichoka haitwi mzoga, anapumzishwa, na hii itapumzika pia. Wakaketi, nadhani kwa sababu hawakuzoea kuambiwa hivyo na mwanamke. Nikaivua kitambaa nikampa mama. Alikikunja, akakikunja tena, mpaka kikatosha kwenye kiganja, na jambo hilo liliniuma kuliko kile kicheko.

Ilipopoa ikawaka. Niliyokuwa nimeandika yote yalikuwa yamepotea, nikayaandika upya, na haikuzimika tena mpaka jenereta yenyewe ilipoishiwa na mafuta.

Baadaye mwenyekiti alituita kando. Alikubali kwamba mashine inafanya kazi. Lakini wazazi, alisema, hawataamini kompyuta ya ghala la mbaazi. Tubandike jina la kampuni kubwa ya ng'ambo, tusahau hicho kitambaa cha kizee, na agizo ni letu. Kaka yangu aliniangalia. Alikuwa na watoto wa kulisha, na macho yake yalikuwa yananiomba nijibu vizuri.

"Mzee," nikamwambia, "huyu mtoto ana wenyewe. Hatumtafutii baba mwingine."

"Basi mtalala nje na mtoto wenu."

Tukafukuzwa. Kaka yangu alininunia, halafu akaja asubuhi moja na bisibisi zake, akasema haya, twende. Mwethya wa mama, wale wanawake wanaolimiana mashamba kwa zamu, walikuja wakiimba wakatufyatulia matofali, wakatusimamishia chumba uani kwa mama. Stima tulitoa kwenye jenereta ndogo ya kaka, ile ya kuchajia watu betri.

Mama alianza kitambaa kingine. Alimwamuru kaka yangu amwonyeshe kila mahali mashine inapopumua, akapima kwa vidole, akaacha madirisha nyuma na ubavuni. Na pale mbele, ambapo watu hutarizi Bwana ni Mchungaji Wangu, yeye alitarizi: Imetengenezwa Kasikeu.

Mvua zilinyesha, zikaisha, zikanyesha tena. Wazazi wa ile shule walichagua kamati nyingine, na siku moja yule mwalimu mkuu akashuka njia ya miguu mpaka uani kwetu. Aliinama mbele ya kompyuta, akayasoma yale maneno yaliyotariziwa. Mama, akiikumbuka ile siku, akakimbilia kuivua kitambaa. Mwalimu akamshika mkono.

"Usikitoe, mama," akasema. "Hayo maneno ndiyo nataka wasichana wangu wayasome kwanza."