Kipande cha Hodan

Kila asubuhi hapa Syokimau ninapoishi, askari wa geti hupuliza filimbi kuongoza magari ya watu wanaokimbilia kazini. Majirani wanalalamika kwamba inawakatiza usingizi. Mimi nikiisikia, mkono wangu unatafuta jembe. Kweli kabisa. Niko hapo na kikombe cha chai, nimevaa viatu vya ofisi, lakini pua imeshajaa harufu ya udongo mwekundu wa Yatta uliopasuliwa asubuhi, na masikio yanangoja wimbo uanze. Mume wangu amezoea. Huniambia, "Haya, umeshaenda kwenu," kisha anaendelea na mkate wake.

Filimbi inayonirudia ni ya Mwaitu. Mwaitu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, na Mwaitu wangu, ambaye wengine walimwita Mama Mumbua, alikuwa kiongozi wa mwethya wa akina mama pale sokoni kwetu, mbele kidogo ya Kithimani ukielekea Garissa. Kama hukukulia kwetu, wacha nikueleze. Mwethya ni kazi ya zamu. Leo wanawake wote wanachimba matuta kwa Mama Kioko, wiki ijayo wako kwa Mama Ndinda, mpaka kila mmoja afikiwe. Ukiwachimbia wenzako, watakuchimbia. Usipochimba, jichimbie mwenyewe. Kanuni ilikuwa hiyo tu, na hakuna aliyethubutu kuichezea, maana mlinzi wake alikuwa Mama Kioko.

Jamani, yule mama! Mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kukemea hata akikusalimia. Akikutazama unaanza kukumbuka makosa ya mwaka juzi. Kila mwanamke alipimiwa kipande chake cha mtaro kwa kamba ya mkonge, na Mama Kioko ndiye aliyeingia na kijiti chake kuangalia kama kimefika kina. Aliwahi kumrudisha mtaroni mke wa pasta, na gauni lake zuri, kwa sababu kipande kilipungua upana wa kiganja. Pasta mwenyewe alisikia habari hiyo akanyamaza.

Siku ninayotaka kuwasimulia nilikuwa darasa la nne, na shule zilikuwa zimefungwa. Mwethya ulikuwa umealikwa kwenye kituo kidogo cha polisi kilichokuwa juu ya mteremko, nyuma ya soko. Mvua ilikuwa imeula uwanja wa kituo mpaka korongo likakaribia choo cha maafande. Mkuu wa kituo, mtu mpole mwenye kitambi, mgeni kwetu, alikuwa amekuja mwenyewe kuwaomba akina mama wamsaidie, na kwa vile Mama Kioko hakuwa mtu wa kuchimbia mtu bure, askari waliahidi kuja kuchimba matuta ya shule. Nami nilienda kubeba maji ya kunywa.

Tulipofika tukamkuta mwanamke amekaa kwenye simiti nje ya mlango wa seli, amejitanda shuka la maua, mtoto mdogo mapajani. Alikuwa ameshushwa kutoka kwenye basi kwenye kizuizi cha polisi barabarani siku iliyotangulia. Alikuwa mkimbizi, anaishi kambini kule upande wa Garissa, na mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali. Alikuwa ameomba kibali ampeleke mtoto hospitali kubwa. Akaambiwa angoje. Akangoja, mtoto akazidiwa, akapanda basi. Yote hayo alituambia kwa Kiswahili cha kuungaunga, bila kulia. "Mimi nataka daktari tu," alisema. "Kifua ya mtoto inafunga." Jina lake lilikuwa Hodan, na mtoto aliitwa Sahra.

Nilisogea karibu kwa udadisi wangu wa kitoto, nikaisikia pumzi ya Sahra. Ilikuwa ikikwaruza, inakatika, kisha inaanza tena kwa shida. Kila akivuta hewa, ngozi iliingia katikati ya mbavu. Nilikuwa nimeshaona ndama akipumua hivyo, na ninakumbuka tulivyomzika. Nikarudi nyuma nikashika leso ya Mwaitu.

Lori la kuwarudisha watu kambini lilitazamiwa mchana. Mwaitu alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa kituo.

"Afande, huyu mtoto hafiki huko."

"Mama Mumbua, mimi pia naona," alijibu, na kweli uso wake ulikuwa na uchungu. "Lakini niko na amri. Na nyinyi si jamaa zake. Nikisikiza kila mtu anapita hapa, si nitafukuzwa kazi?"

Mwaitu akarudi kwa wenzake akawaeleza. Mimi nilidhani watasimama wote kwa pamoja. Wapi! Mama Ndinda alisikitika sana, akatikisa kichwa, akasema maskini. Wengine wakatazama chini. Mama Kioko ndiye aliyesema waziwazi kilichokuwa mioyoni mwao: "Sisi hatumjui. Kila siku redioni tunaambiwa tuogope hawa watu. Kesho kukitokea kitu, tutaulizwa. Na mwethya ni wa wale wanachimba, Mama Mumbua. Wewe ndiye kiongozi, unajua hiyo kuliko mimi."

Mwaitu alitia filimbi mdomoni, akapuliza kidogo tu, kazi ikaanza.

Nawaambia kweli, siku hiyo hata wimbo ulikuwa mzito. Majembe yalipanda na kushuka, vumbi likatanda, lakini kila mwanamke alikuwa akichungulia ile simiti kwa jicho la pembeni. Uji ulipoletwa, Mama Ndinda alishindwa kuvumilia. Akachukua kikombe, akampelekea Hodan, akampokea mtoto ili mama yake anywe. Akamweka Sahra begani, wima, akawa anamtembeza polepole kivulini pa ukuta.

Hodan alikunywa uji. Kisha akabaki na mikono mitupu. Alitutazama kwa muda mrefu, halafu akainuka, akafunga shuka lake kiunoni, akashuka mpaka kwenye kipande cha Mama Ndinda. Jembe lilikuwa limesimama pale. Akalishika akaanza kuchimba. Hakuna aliyemwambia. Askari wa zamu alimtazama mkuu wake aulize kama ni sawa, na mkuu akaanza kuchunguza mawingu, ingawa hapakuwa na wingu hata moja.

Ngojeni niwaambie alivyochimba. Alichimba kwa nguvu za ajabu, lakini udongo akautupa chini ya mteremko! Kwetu hata mtoto wa chekechea anajua udongo wa mtaro unarushwa juu, ujenge tuta la kuzuia maji. Wanawake walipoona lile rundo likiporomoka kuelekea bondeni, kicheko kikawatoka bila kutaka. "Aiya! Juu, mama! Rusha juu!" Hodan aliduwaa, kisha akaelewa, naye akacheka huku amefunika mdomo kwa ncha ya shuka. Akarusha juu. Nusu ikamrudia kichwani. Akajipangusa macho, akarusha tena. Baadaye viganja vilipotoka malengelenge, alivifunga kwa kitambaa akaendelea. Wimbo ukapanda wenyewe, bila mtu kuuamsha.

Alikuwa amekaribia kumaliza lori lilipofika. Lilipinda kutoka barabara kuu, likapanda na vumbi lake mpaka mlangoni, injini ikinguruma. Wimbo ukakatika. Askari mmoja akaruka chini akauliza, "Wa kambi ni nani?"

Hodan hakupiga kelele. Alilisimamisha jembe vizuri pale alipolikuta, akapangusa mikono, akaanza kupanda kwenda kumchukua mtoto wake.

"Ngoja," alisema Mama Kioko.

Akashuka mtaroni na kijiti chake. Nilimchukia! Nilisema moyoni, hata sasa, huyu mama anapima? Alipima mwanzo wa kipande, akapima katikati, akainama akapima mwisho. Hata askari wa lori walikuwa wameshangaa. Kisha akanyoosha mgongo.

"Kimefika," alisema. "Mama Mumbua, zamu inayofuata ni ya nani?"

"Ni yako," Mwaitu alijibu.

"Si yangu. Huyu amechimba na sisi. Zamu ni yake."

Mtu mmoja nyuma akauliza, "Sasa huyu kwake ni wapi?"

Mama Kioko aliitazama seli, akalitazama lori, akaitazama ile simiti. "Leo kwake ni hapa."

Mwaitu alipuliza filimbi ndefu, ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia, na wanawake wakatoka mtaroni wote, wekundu kwa udongo mpaka magotini, majembe mabegani. Wakapanda mpaka kwenye simiti wakakaa, wamemzunguka Hodan na Sahra pande zote. Hapo Mama Kioko akauliza swali ambalo mwethya huuliza kila unapofika kwa mwenzao: "Mwenye boma, kazi yako leo ni gani?"

Hodan hakuelewa. Mwaitu akamrudia taratibu.

"Mtoto yangu ifike hospitali," alisema.

"Mmesikia," akasema Mama Kioko. "Kazi ni hiyo. Na nyinyi mnajua mwethya hauondoki kabla kazi haijaisha."

Mkuu wa kituo akatoka, jasho linamtiririka. "Mama Kioko, tafadhali. Nimesema nyinyi si jamaa zake."

"Afande, na wewe je? Leo tumekuchimbia choo chako kisianguke. Wewe ni mtoto wa mjomba wetu?"

Askari wa lori aliangua kicheko, akajifanya anakohoa. Wanawake wakaanza kuimba tena, ule ule wimbo wa kuchimba, lakini kwa sauti ya chini, kwa sababu ya mtoto. Watu wa soko walikuja wakasimama kando ya ua, muuza nyama na aproni yake ya damu, mafundi wa pikipiki, wanafunzi wenzangu. Hakuna aliyerusha jiwe, hakuna aliyetukana. Dereva alingoja, akangoja, mwishowe akazima injini. Uwanja ukatulia, tukaisikia sote pumzi ya Sahra, hata wale wa kando ya ua.

Mkuu alivua kofia. Alipiga simu, akazunguka nyuma ya nyumba nayo, tukawa tunasikia "ndiyo mkubwa" na "hapana mkubwa" na "mkubwa, ungekuwa hapa ungeona." Aliporudi alisema lori liende, mtoto apelekwe hospitali kule Matuu kwa gari la kituo, na wanawake wawili waende kumdhamini mama yake asitoroke. Mikono ikapanda yote. Lakini Mama Kioko alikuwa ameshaingia garini, amekaa kiti cha mbele, kijiti chake mapajani.

Sahra alipona. Ilikuwa nimonia, na daktari alisema asingeiona jioni. Akina mama walipokezana kumpelekea Hodan chakula, na alipofikishwa mbele ya hakimu walijaza mabenchi yote, wamekaa na vyondo vyao, vile vikapu vya mkonge, wanasuka kimyakimya. Hakimu hakumfunga. Aliamuru apewe kibali halali cha matibabu. Baadaye Hodan alirudi kambini. Kwa muda alitutumia salamu kupitia madereva wa mabasi, kisha salamu zikakoma. Wengine husema walipelekwa ng'ambo, wengine husema alirudi kwao. Hatujui.

Nilikua nikiamini kwamba siku ile niliona huruma. Nilipokwenda chuo Nairobi, nikajiunga na watu wanaodai wakimbizi wasifungwe kwa kutafuta matibabu, waruhusiwe kutembea na kufanya kazi kama binadamu wengine. Tulisimama juani na mabango mbele ya maofisi, na wapita njia wakatuuliza lile lile la afande: kwani hao ni jamaa zenu? Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Huruma ilikuwepo pale kituoni tangu asubuhi. Mama Ndinda alikuwa nayo, hata mkuu alikuwa nayo, na kwa huruma yote hiyo Sahra angepandishwa lori. Hilo lilibadilika pale tu Mama Kioko, aliyewaogopa hawa watu kuliko wote, alipoona kwamba mwanamke huyu sasa ni mwenzao, na kwamba hakuna tena njia ya kulikwepa hilo. Sijawahi kuona kitu kikubwa kuliko hicho, nami nimeshaona wakubwa wengi.

Na kuna jambo ambalo utotoni nililiona la kawaida kabisa. Mwenzao akiwa na udhuru, wanawake humchimbia kipande chake. Basi tangu mwaka ule, katika kila shamba, kulipimwa kipande cha Hodan. Jina lake liliitwa pamoja na mengine, Mama Kioko akajibu, "Yuko safarini, tunamchimbia," na waliomaliza vyao wakakimaliza na hicho.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani. Mama Kioko hainami tena, hukaa kwenye kiti pembeni ya shamba akakagua kwa macho. Kifua cha Mwaitu nacho hakiwezi filimbi, akanivalisha mimi shingoni, akaniambia niite majina. Niliita moja moja. Nilipofika mwisho Mama Kioko aliinua kidevu, akangoja.

"Hodan," nikaita.

Nilitazama zile nyuso, nyingi mpya kwangu, nikadhani limesahaulika. Ndipo msichana mmoja aliyeolewa kwetu juzijuzi, ambaye siku ile ya lori hakuwa hata amezaliwa, akasema, "Yuko safarini, tunamchimbia," akachukua jembe lake akashuka mtaroni.