Kufuli la Gesi

Mashine ya gesi ya kuchemshia maji niliifunga kama inavyotakiwa: nje ya bafu, hewa tele. Lakini chupa ya gesi nikaitia kwenye kizimba cha chuma na kufuli, kwa ajili ya wezi.

"Na gesi ikivuja?" mke wangu akauliza.

"We niache! Mi najua wezi wa hii Kamenge, mtaa wetu."

Jumapili nilitoka kuoga na kikwembe, kitenge cha mke wangu, kiunoni, mama mkwe akaingia kuoga. Mara gesi ikanuka! Nikakimbilia kufuli. Ufunguo? Kwenye suruali. Suruali je? Bafuni, msumarini.

Mke wangu alipopiga kelele, majirani walijaa uani. Wakanikuta nagonga mlango wa bafu nikilia, "Mama mkwe, naomba suruali!"