Walisema Watasafisha

Mpaka leo nikilisikia neno "clear" nachemka. Ni neno la Kiingereza la kila siku. Maji yasiyo na uchafu ni "clear". Maneno yaliyoeleweka ni "clear". Na shamba lililong'olewa kila kitu likabaki udongo mtupu, hilo nalo ni "clear". Maana hiyo ya tatu sikuijua.

Kiingereza nilijifunzia Mtwara, tulipokimbia vita tukaenda huko kwa ndugu zetu. Niliporudi kwetu Palma, Msumbiji, kampuni ndogo iliyokuwa ikipanua barabara ya Pundanhar ikanichukua niwe mkalimani wao.

Siku ya mkutano na wenyeji, injinia wa kampuni akasema maneno machache, na ndani yake hilo "clear". Nikawaambia watu, "Wiki ijayo watasafisha kando ya barabara, hatua kumi na tano kila upande."

Wakapiga makofi. Nyasi pale zilikuwa zimefika kifuani, na siku hizi kila mtu anaogopa nyasi ndefu, maana wavamizi hujificha humo.

Mama yangu mdogo alikuwa na mikorosho yake palepale kando ya barabara. Akauliza, "Na kwangu watafika?"

"Watafika, mama."

"Basi wamenipunguzia jembe," akasema, akacheka.

Wiki iliyofuata likaja tingatinga. Nilipopata habari na kufika, mikorosho minane ilikuwa imelala, mizizi juu. Marehemu mumewe ndiye aliyeipanda. Mama mdogo alikuwa amekaa chini, ameshika tawi lenye maua.

Nikamwendea injinia.

"Ulisema mtasafisha!"

"Nilisema 'clear'," akajibu. Akatoa simu, akafungua kamusi, akanisogezea usoni. Maana zilikuwa zimepangwa pale: kuondoa, kutoa, kufyeka, kumaliza kilichopo. "Chagua unayotaka. Kosa ni lako, si langu."

"Uliwaona wakipiga makofi. Ulidhani wanashangilia kung'olewa miti yao?"

Akairudisha simu mfukoni, akageuka kulitazama tingatinga. Ndipo nikajua kwamba siku ile alishangaa, akanyamaza kwa sababu kunyamaza kulimfaa.

Jioni watu wa kampuni wakaniletea documento nitie saini, karatasi inayosema kwamba wenyeji walielezwa wakakubali. Nikaichana mbele yao. Kesho yake nikamchukua mama mdogo, tukaenda kwa shefi wa posto, mkuu wa serikali wa eneo letu, na nikasema yote, na kosa langu nikalisema. Shefi akasimamisha kazi. Majirani waliofuata kwenye mstari miti yao ikapona, barabara ikapindishwa kidogo. Mimi kazi ikaishia hapo.

Mikorosho ya mama mdogo haikurudi. Wakati wa kurudi nyumbani alitembea mbele yangu njia nzima. Tulipokaribia ndipo akageuka.

"Lile neno ulikuwa unalijua?"

"Nilidhani nalijua, mama."

"Ungesema hujui. Ungemwuliza pale pale, sisi tungesubiri. Tulikuwa na haraka gani?"

Injinia namkasirikia, na sitaacha. Lakini hasira inayonikosesha raha ni ile ya kukumbuka nilivyosimama mbele ya wazee, nimefurahi kwamba mimi ndiye ninayejua Kiingereza, nikaona aibu kumwuliza mtu mmoja maana ya neno moja.