Nati za Mzee Bura

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila ninapoona kijana anafungua karakana yake ya kwanza. Ilikuwa siku ya mnada, Katesh. Nilikuwa nimeinamia jiliwa la kubania vyuma nikikata nondo, umri wangu miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimetoka Masakta kwa wazazi wangu wakulima, nikajifunza kuchomelea, na sasa nilijiona fundi aliyekamilika. Ujana una macho makali ya kuona mbali, lakini hauoni kilicho chini ya pua.

Alikuja mtu mzima akisukuma baiskeli kwa mkono mmoja. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeishia juu kidogo ya kiwiko.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia.

"Marahaba kijana. Fundi ni wewe?"

"Ni mimi, mzee. Karibu."

Jina lake lilikuwa Bura, mkazi wa kando ya ziwa Basotu. Aliumwa na nyoka shambani. Hospitali ikauokoa uhai, mkono ukaenda. Tangu hapo jembe lilimshinda, akageukia ndoana. Samaki wake ndio waliolisha nyumba: mkewe aliwakaanga na kuwauza, wakapata mahindi na sabuni. Lakini hata ndoana ilikuwa na shida yake, naye akanieleza polepole kama mtu aliyekwisha kuifikiria sana.

"Nikishika mwanzi, siwezi kutia chambo. Nikitia chambo, mwanzi umeanguka. Panda za miti nimejaribu. Pale kwangu ni mawe, hazisimami, na ng'ombe wakija kunywa wanazing'oa. Nataka chuma cha kunishikia mwanzi."

Kazi ile niliipenda. Nilichonga ncha ya nondo iwe kali, nikachomelea pembeni kipande cha kukanyagia ili aizamishe kwa mguu. Juu nikaweka kichwa: kipande cha bomba kilicholala mshazari, ambamo kitako cha mwanzi kinazama na kukaa. Kichwa kile kilikuwa kinafunguka, ili abebe nondo na kichwa vizuri kwenye baiskeli, na kikivunjika kibadilishwe bila kutupa nondo yote. Nati ilikuwa chini ya bomba, nyuzi za bolti juu ya nondo. Unazungusha, kinapanda, kinakaza. Mkono mmoja unatosha.

Sasa sikiliza nilipokosea, kwa maana sikukosea kwa bahati mbaya.

Dukani kwa Mzee Shabani, mwuza vifaa pale Katesh, bolti na nati za spana kumi na saba zilijaa ndoo. Kila fundi alizitumia, kuanzia Mbulu hadi Haydom. Ningechomelea bolti ile juu ya nondo, nati yake chini ya bomba, kazi ingekwisha. Lakini mimi nilikuwa na sanduku la vyuma vya kuchongea nyuzi, vya kizamani, vya vipimo vya inchi, nililoachiwa na mjomba wangu. Nyuzi zake hazikulingana na nati yoyote iliyouzwa mjini. Nikachonga kwa vyuma vile, nati na bolti, nikijisemea moyoni: kichwa kikivunjika, ataenda wapi? Atarudi kwangu tu.

Mzee Bura hakuuliza habari za nyuzi. Nani huuliza? Alijaribu kufunga na kufungua palepale, mara tatu, akatabasamu. Wavuvi wenzake walipoona chuma chake wakaja nao. Nikatengeneza vingine vinane, vyote kwa nyuzi zilezile. Wazee husema kizuri chajiuza. Cha kwangu kilikuwa kizuri, na kilikuwa kinajiuza, ila mimi sikuridhika na hilo. Nilitaka na kamba ya kumfunga mnunuzi.

Baada ya hapo nikapata kazi ya ujenzi wa ghala Singida. Nikafunga karakana, nikaondoka miezi saba. Sikumwachia mtu lile sanduku.

Niliporudi, Mzee Shabani alinipokea kwa uso ambao sikuuzoea. Aliitikia salamu yangu, kisha akasema, "Mteja wako wa Basotu karibu afe maji. Nenda ukamwone kabla hujafungua mlango wako."

Nilikwenda kesho yake. Nyumbani kwa Mzee Bura nikaambiwa yuko Dirma kwa mdogo wake, anachunga mbuzi. Nikamfuata huko. Nilimkuta ameketi kwenye jiwe, mbuzi wako mbele yake, na nondo yangu iko miguuni pake kama fimbo ya kawaida.

"Shikamoo mzee."

Aliitikia bila kunitazama. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa nati, akanipa pamoja na ile nondo.

"Funga," akasema.

Nilijua nati ile ni ya spana kumi na saba kabla haijanifikia mkononi. Nikaiweka juu ya nyuzi, nikazungusha. Ilikwenda mizunguko miwili, ikakwama. Nikajifanya naijaribu tena.

"Wewe una mikono miwili," akasema, "na imekataa. Basi nisikilize. Ng'ombe alikanyaga kichwa kikavunjika. Nikaja Katesh, umefunga. Shabani akanimwagia nati zake zote, nikakaa sakafuni nikizijaribu moja moja. Nikazibeba nyumbani. Siku nne, kijana, nazungusha, zinakwama. Nikasema ni huu mkono. Nikasema hata kufunga nati sasa siwezi. Mke wangu akitaka kunisaidia nilimfokea."

Nikaifungua nati, nikamrudishia.

Akaendelea. Alikwenda hadi Haydom, fundi wa huko akamtengenezea kichwa kipya kwa nati ya kawaida, akaikaza kwa spana na nguvu zote hadi ikauma. Ilionekana imeshika, kumbe imezitafuna nyuzi. Siku ya pili ziwani kambale mkubwa akavuta, kichwa kikachomoka, mwanzi na mshipi vikaenda majini. Mzee Bura akavifuata. Maji yakamfika kifuani, mguu ukazama kwenye tope, na mkono mmoja hautoshi kuogelea. Watu wa nyavu ndio waliomtoa. Mwanzi haukuonekana tena. Mkewe akamwambia hataki kuwa mjane kwa ajili ya samaki, na hivyo mtu mzima akaja kula kwa mdogo wake.

Kisha akaniuliza swali moja tu. "Ulikuwa hujui nyuzi hizi haziko madukani, au ulikuwa unajua?"

Mwanangu, uongo ulikuwa karibu sana. Ningesema sikujua, naye angenisamehe kama kijana asiye na uzoefu. Lakini muungwana akivuliwa nguo huchutama.

"Nilikuwa najua, mzee. Nilitaka urudi kwangu."

Akageuza uso kuwatazama mbuzi. "Ningerudi tu," akasema. "Kazi yako ilikuwa nzuri." Halafu akainuka kumfukuza mbuzi aliyeingia kwenye mtama wa jirani, akaniacha pale.

Nilirudi Katesh na nondo yake, nikakata nyuzi zile na kuchomelea bolti ya kawaida. Nikamrudishia pamoja na vichwa viwili, nati za akiba na mwanzi mpya. Alipokea, akashukuru kwa adabu, wala hakucheka nami. Wale wanane niliwafuata mmoja mmoja. Saba wakanipa vyuma vyao nikavirekebisha. Wa nane akasema hataki mkono wangu tena kwenye kitu chake, nami nikamwelewa. Mzee Bura alirudi ziwani baada ya mvua, mkewe akikaa karibu naye siku za mwanzo. Hakuja tena karakanani kwangu. Miaka miwili baadaye Mzee Shabani aliniambia kuwa kichwa kimoja kilivunjika, mzee akanunua nati, akaenda kwa fundi mwingine, ikaingia mara moja. Nilifurahi, mwanangu, na palepale nikaumia.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Chochote unachotengeneza, mtu mwingine aweze kukifungua na kukirekebisha siku ambayo wewe haupo, maana siku hiyo itafika. Uliza nati inayouzwa sokoni kabla hujachonga nyuzi. Usimfanye mtu ajione mbovu kwa ubovu ulioutia wewe. Na ukiulizwa kama ulijua, sema ulijua. Utapoteza mteja, lakini utaweza kupita mbele ya nyumba yake na kumwamkia.

Mungu aibariki mikono yako, aipe kazi na aipe haki. Wanaokujia wakujie kwa hiari, na wanaoondoka waondoke wakiwa wazima. Amina.