Siku Mama Alipoimba Runingani

Masika ya Changamwe yalikuwa na harufu yake: udongo uliolowa, mafuta yaliyodondoka kutoka kwenye malori, na moshi wa makaa yenye unyevu yasiyotaka kushika moto. Malori yalipita barabara kuu mchana kutwa, yakienda bandarini na kurudi, na kila lilipopita lililoshiba mzigo, vikombe vyetu viligongana kabatini. Katika kelele hizo, mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi, mama yangu alikuwa akifanya mazoezi ya kuimba. Kuimba alikuwa anakujua tangu zamani, maana alikuwa mwimbaji wa kwaya ya kanisa letu tangu hajaolewa. Lakini safari hii alichaguliwa kuwa mhusika mkuu katika mchezo wa jukwaani ambao karibu wote ulikuwa wa nyimbo, na mchezo huo ungeonyeshwa runingani moja kwa moja, Jumapili alasiri, kutoka ukumbi mmoja wa mjini ng'ambo ya daraja la Makupa. Nyumbani hakuwa akiimba maneno. Alivumisha sauti tu, midomo imefungwa, huku akifua au akipepeta mchele. Alisema sauti ni kama nguo ya sikukuu, ukiivaa kila siku huna cha kuvaa siku yenyewe.

Mama alikuwa akishona magunia kiwandani. Jina lake ni Kadzo, lakini uani kwetu aliitwa Mama Sidi, kwa jina langu mimi mwanawe wa pekee. Alizaliwa Kaloleni na Kiswahili chake kilikuwa na ladha ya kwao. Akichoka au akifurahi sana, maji yaligeuka kuwa madzi. Mchezo wenyewe ulitungwa na mwalimu wa kwaya. Ulikuwa habari ya mjane anayetoka bara wakati wa ukame, akitembea kwa miguu na watoto wake kuja pwani kutafuta chakula, na mtoto mmoja anamfia njiani. Wimbo wa mwisho ni wa mjane huyo akimuaga mtoto. Kwa miezi mitatu mama alitoka kazini akapitiliza kanisani, akarudi amechoka hata chakula hakimpiti kooni. Baba, ambaye alikuwa mlinzi na mtu wa maneno machache, ndiye aliyetupikia ugali siku hizo, na hakulalamika hata mara moja. Mimi nililalamika. Nilimwambia mama simwoni siku hizi. Akanijibu, "Vumilia mwanangu. Hiyo Jumapili utaniona wewe na nchi nzima."

Kila mwimbaji alipewa nafasi ya mgeni mmoja ukumbini, na nafasi ya mama ilikwenda kwa baba. Mimi nilibaki na Bi Mwanaisha, mwenye nyumba wetu, mzaliwa wa Mtongwe, mjane, mama wa watoto waliokwisha kuoa na kuolewa. Runinga pekee ya uani ilikuwa yake. Jumapili hiyo alifungua sebule yake kwa kila mpangaji. Alitandika mikeka miwili, akaweka sinia la mahamri na birika kubwa la chai ya tangawizi, akafukiza udi kana kwamba harusi ilikuwa yake. Nilipoingia na kumwambia shikamoo, aliniitikia marahaba na kunivuta mkono. "Mtoto wa mwenye shughuli hakai nyuma," alisema. "Kaa hapa mbele, unisomee hayo maandishi. Macho yangu mie hayayaoni tena."

Maandishi yenyewe yalikuwa maoni ya watazamaji. Watu walituma ujumbe mfupi kwa simu, nao ukapita chini ya kioo, kutoka kulia kwenda kushoto, mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa msomaji hodari, mwalimu wangu alinisifu kwa hilo, na sebuleni mule watu wazima wengi ama hawakuwa na miwani au hawakuwahi kushika kitabu. Basi nikawa mimi ndimi sauti ya watazamaji. Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Mama alitokea amevaa leso zilizochakaa, mtungi kichwani, na ukumbi ukapiga makofi. Nikasoma: "Hongera mama, tunakuona huku Likoni." Nikasoma: "Sauti kama hii ilikuwa imefichwa wapi?" Wapangaji wakapiga vigelegele. Nilihisi sifa zile ni zangu pia, kwa kuwa zilipita mdomoni mwangu.

Kisha mama akaimba kuhusu kisima kilichokauka, na katika hamu ya kuimba akasema madzi. Chini ya kioo ukapita ujumbe: "Ni madzi au masikio yangu ndiyo mabovu?" Nikausoma. Watu wawili watatu wakacheka kidogo, kicheko cha kuoneana haya, maana nusu ya waliokaa pale walisema madzi nyumbani kwao. Ukaja mwingine: "Mjane kateremka na lori la nazi." Huo, wa kumcheka kwao kwenye minazi, niliusoma kwa sauti nzito, nikiigiza mwanamume, nao wakacheka zaidi. Sikumbuki kuona ubaya wowote. Nakumbuka tu kwamba nilipofanya ile sauti, watu wote waliniangalia mimi, wakaacha kuiangalia runinga.

Wimbo wa mwisho ulianza vizuri. Mama alipiga magoti mbele ya kifurushi cha nguo kilichokuwa mtoto, taa zikapunguzwa, akaimba mstari mmoja, wa pili, na katikati ya mstari wa tatu sauti ikakatika. Picha ilibaki. Tulimwona mama akifungua mdomo na kuufunga, shingo imemtoka mishipa, machozi yanamtiririka, na hatukusikia kitu isipokuwa mvumo wa runinga yenyewe. Mpangaji mmoja aliinuka akaigonga runinga ubavuni. Bi Mwanaisha akasema aiache, kosa si la chombo chake. Mama akaendelea vile vile. Na maoni sasa yakaja mbio, yanasukumana. "Amesahau maneno huyo." "Mtoeni, anatupotezea wakati." "Imemkauka na kisima." Kisha ukapita huu, ambao nadhani nitakufa nao: "Samaki huyo, mrudisheni baharini."

Niliusoma. Sikuusoma tu, niliwageukia watu sebuleni, nikafungua mdomo na kuufunga, nikatoa macho. Sebule nzima ikaangua kicheko, hata mwanamke wa chumba cha nne ambaye hacheki hata umtekenye. Bi Mwanaisha peke yake hakucheka. Aliniwekea mkono begani. "Basi, mwanangu," alisema polepole. "Usisome tena. Huyo ni mamako." Nikasema ndiyo, bibi. Lakini ukapita mwingine, na watu wakaniuliza, "Huo unasemaje, Sidi?" Nami nikausoma.

Mama na baba walirudi jua halijazama. Mama alikuwa bado na wanja machoni na vumbi la jukwaani miguuni, na sijapata kumwona, kabla wala baada ya siku hiyo, akitembea vile, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Baba alimshika mkono mbele za watu, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Alianza kusema kabla hajafika mlangoni. "Ukumbi mzima ulisimama," alisema. "Mzima! Mzee mmoja mbele yangu alilia mpaka akavua miwani." Bi Mwanaisha akamkumbatia mama. "Wallahi, Mama Sidi, umetutoa kimasomaso," akamwambia, na wapangaji wengine wakaitikia, wakitazama chini. Mama akacheka, akanitafuta kwa macho mpaka akaniona.

"Na wewe, Sidi? Ule wimbo wa mwisho ulikufikaje?"

Ningeweza kusema ulinifika vizuri. Wakubwa wote walikuwa wamekwisha kunionyesha njia. Lakini nilikuwa bado nimelewa kile kicheko.

"Hatukusikia kitu, mama. Ulikuwa unafungua mdomo tu, kama samaki. Wameandika hivyo."

Baba ndiye aliyeuliza, "Wameandika wapi?" Ikabidi Bi Mwanaisha aeleze: sauti ilikatika, si kosa la mtu, walioandika hawakujua. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa nyumba asiyoifahamu. Kisha akasema, "Kumbe," akaingia ndani, akavua zile leso, akazikunja vizuri kwa sababu zilikuwa za kuazima. Usiku ule hakunigombeza, wala siku nyingine yoyote. Mara nyingi nimetamani angenigombeza.

Kilichofuata hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kidogo kidogo na kirefu. Kiwandani walimwita Samaki, kwa utani, watu waliompenda. Dukani waliuliza kama leo sauti imefika. Watoto wa mtaa walipomwona anapita walifungua midomo na kuifunga, na mimi nilijua walijifunza kwa nani. Mwalimu wa kwaya alikuja nyumbani kuomba mchezo urudiwe katika kanisa moja la Likoni, ambako kipaza sauti, kama kile kilichokufa siku ile, kisingehitajika hata kidogo. Akaleta na habari kwamba waliokuwa ukumbini hawajaacha kuusifu wimbo ule. Mama alimtilia chai, akamjibu kwa adabu. "Mwalimu, walionisikia ni wale wa ukumbini, na walionitazama ni nchi nzima. Mimi nimechoka kutazamwa." Kwanza alihamia mstari wa nyuma wa kwaya. Kufikia Krismasi alikuwa akikaa kwenye viti pamoja na waumini wengine, kitabu cha nyimbo kimefunguka mapajani, midomo imetulia.

Aliuimba ule wimbo mara moja tu tena, na hilo nalo nililikosa. Ilikuwa asubuhi ya siku ya kazi, mvua imewazuia kutoka, na wanawake wa uani walikuwa wamejibanza barazani wakichambua mchicha. Bi Mwanaisha alimwambia, "Mama Sidi, mie nina deni la masikio. Niimbie." Sijui kwa nini alikubali. Nilirudi kutoka shuleni saa sita nikamkuta mwanamke wa chumba cha nne macho mekundu, na Bi Mwanaisha ameketi na mchicha wake mapajani. "Leo mamako katutoa machozi," aliniambia. Nilikimbilia ndani nikamwomba mama aniimbie na mimi. Alikuwa akivaa viatu vya kazi. "Nimeshaimba leo," alisema, si kwa hasira, akachukua mwavuli akaondoka.

Sasa mimi ni mwalimu Kisauni, na mama anaishi nami Utange tangu baba alipofariki. Bi Mwanaisha naye amekwisha kutangulia. Majuzi runinga ilionyesha tena mchezo wa nyimbo moja kwa moja kutoka jukwaani, mkubwa, wenye taa nyingi na wachezaji hamsini, na tuliutazama wote wawili. Siku hizi maoni hayapiti tena chini ya kioo kwa zamu. Yako mkononi mwa kila mtu. Kabla msichana aliyeimba hajamaliza ubeti wa kwanza, walimu wenzangu katika kundi letu la simu walikuwa wamekwisha kuamua kwamba amevaa vibaya, kwamba amechaguliwa kwa kujuana, kwamba sauti yake ni ya kunadia samli sokoni. Wengine walikuwa hawajawasha hata runinga. Wanafunzi wangu Jumatatu wangekuja darasani wakimwigiza, na ningewakanya kwa sauti isiyo na nguvu, kwa sababu najua raha wanayoipata. Zamani alihitajika mtoto mmoja anayejua kusoma ili maneno ya watu tusiowajua yaingie nyumbani kwetu. Sasa yanaingia yenyewe, nasi tunayajibu, na tunalala nayo.

Niliweka simu kifudifudi, na kwa mara ya kwanza katika miaka hii yote nikamuuliza mama kuhusu siku ile. Kama alijua kwamba kipaza sauti kimekufa.

"Nilijua," alisema. Hakuondoa macho kwenye runinga. "Sauti yangu ilinirudia ndogo, nikajua. Mwalimu wa kwaya akanipungia mkono pale pembeni, ninyamaze, wamngoje fundi. Lakini wale wa mbele walikuwa wamejiinamisha ili wanisikie. Nikaona haya kuwakatisha."

"Na kama ungejua yale ya huku kwetu? Ungeendelea?"

Nilidhani amesahau swali. Siku hizi husahau.

"Ningemngoja fundi," alisema. "Si wewe ulikuwa huku?"

Nilitaka kumwomba msamaha. Maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga miaka mingi, lakini yalinishinda, na nikamwuliza badala yake kama bado anaukumbuka ule wimbo. Akasema anaukumbuka mstari mmoja, labda miwili, na iliyobaki imekwenda. Kisha akaashiria runinga, ambako yule msichana alikuwa amesimama peke yake katikati ya jukwaa, akivuta pumzi.

"Niongezee sauti, Sidi," mama alisema. "Huyu mtoto nataka nimsikie."