Baridi ya Kisongo Iliyokataliwa na Kompyuta

Siku ya kwanza kazini nilidhani nitapewa mawingu niyatazame. Mkuu wa Utabiri akanionyesha kompyuta. "Binti, utaipima hii. Tuone kama inatusikiliza."

Ilikuwa miaka ya soko huria. Ndege ndogo za watalii ziliongezeka, na marubani walitaka utabiri wa alfajiri. Modeli, yaani programu ya kukokotoa hali ya hewa, ilianza na makisio yake, kisha ikachukua vipimo vya vituo ili ijisahihishe. Kipimo kilichopishana mno na makisio ilikitupa. Kazi yangu ilikuwa kutathmini vipimo vipi vimepokelewa, na kama utabiri umekuwa bora.

Vipimo vya kituo chetu cha Kisongo, kwenye uwanja wa ndege, vilitupwa karibu kila asubuhi. Ndani ya modeli Mlima Meru ulikuwa kama kichuguu, basi haikuijua baridi inayoteremka mlimani na kulaza ukungu uwanjani, rubani abaki kuzunguka juu akitafuta pa kutua. Niliyaeleza hayo yote. Wakubwa wakashika neno moja tu: kituo kinachokataliwa. Na siku hizo kila ofisi ilikuwa ikipunguza watu.

Mpimaji wa Kisongo, Mzee Shabani wa Levolosi, alizisikia habari hizo. Baada ya muda vipimo vyake vikaanza kupokelewa vyote. Nikafurahi, masikini mimi, mpaka asubuhi moja nilipomkuta kituoni amejifunga shuka juu ya koti, anaandika joto la kawaida.

"Shikamoo, mzee. Mbona kipimajoto kinasema vingine?"

"Marahaba, mwanangu. Hii kompyuta yenu haipendi baridi. Makisio yake mnaniletea, nami naisogelea kidogo. Nina watoto wanasoma."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nilimsihi tu aandike anachokiona, akaahidi.

Hatujamaliza chai, Mkuu wa Utabiri akaingia. Kituo kinafungwa. "Wanasema kinakubaliana na kompyuta kila siku," alisema bila kututazama. "Sasa cha kazi gani?"

Mzee Shabani alikiweka kikombe chini, akatoka nje.

Sasa nimestaafu, nakaa Sokon One. Modeli za leo zinaujua mlima, na vijana wanajivunia, wana haki. Lakini wakiniuliza asubuhi za Kisongo za miaka ile zilikuwa na baridi kiasi gani, sina cha kuwaonyesha ila tarakimu zilizosogezwa kuifuata kompyuta. Inaniuma mpaka leo. Tulikuwa na mtu aliyeamka kila alfajiri kuipima baridi kwa niaba yetu, tukamfanya aogope kuisema.